Baiskeli ya Rosa Kiden Juu ya Chuma

Rosa Kiden alikula mwereka mbele ya kanisa la Lobule siku ya Jumapili, wakati watu wakitoka misa. Baiskeli ilimlalia mguuni. Kitenge chake kilinaswa kwenye cheni, na ile suruali ya kaki ya marehemu mumewe aliyoivaa ndani ikaonekana hadi magotini. Wanawake waliziba midomo kwa viganja. Mzee mmoja aliuliza, kwa sauti ya kusikika vizuri, kama huyu mjane hana wakwe wa kumwangalia. Rosa alijinasua, akaipiga baiskeli teke, kisha akajuta kwa sababu kidole cha mguu kilimuuma kuliko goti.

Ubao alioanguka kutoka juu yake ulikuwa umelazwa chini kwenye majani, na ulikuwa mpana wa kutosha kuku kupita na vifaranga wake. Hata hivyo yeye, mwanamke mzima aliyekwisha kumwoza binti, alishindwa kuupita kwa baiskeli hadi mwisho. Kila gurudumu la mbele lilipofika katikati, baiskeli ilisita, ikapinda, ikamtupa. Kama angekuwa anajifunza kwa kujifurahisha angeachana nao siku hiyohiyo, lakini hakuwa anajifurahisha. Alikuwa anakwepa ndoa.

Mumewe, Soka, alikuwa askari. Serikali ya kijeshi ilipoanguka mwaka 1979 walikimbilia Sudan kama watu wengi wa Koboko, na huko Soka akafa kwa homa iliyokosa dawa. Rosa alirudi kwa wakwe zake Lobule baada ya miaka mingi, akiwa na binti yake Keji na baiskeli nyeusi ya Kichina ambayo Soka aliipenda kuliko viatu vyake. Keji aliolewa Abuku. Baiskeli ikabaki imeegemezwa ukutani, na Rosa akalima muhogo, akausaga, akaujaza katika magunia ya kwenda soko la Koboko.

Aliyeyapeleka magunia hayo alikuwa shemeji yake Kasimiro, mdogo wa Soka. Kasimiro hakuwa mtu wa kupiga wala kutukana. Angekuwa hivyo, Rosa angejua pa kuanzia. Yeye alikuwa mpole, mwenye kucheka polepole, na alitaka kumrithi mjane wa kaka yake kama desturi inavyomruhusu. Rosa hakutaka. Alimwambia hivyo kwa adabu, kisha kwa adabu iliyopungua kidogo, na tangu hapo magunia yake yakaanza kulala nyumbani. Wiki hii baiskeli ya Kasimiro ina pancha. Wiki ijayo mgongo unamuuma. Wakati mwingine gunia lilifika sokoni likiwa limeanza kunuka ukungu, na wanunuzi wakakunja pua. Siku Rosa alipomjibu Kasimiro vizuri wakati wa chai, gunia lake lilisafiri. Rosa aliliona hilo waziwazi na likamkera hadi akawa anauma meno usingizini.

Angeweza kupeleka mwenyewe, sivyo? Kila aliyeuliza hivyo hakuwa wa huko. Kati ya Lobule na soko kulikuwa na mto, na juu ya mto kulikuwa na daraja ambalo watu waliliita Chuma, maana ndicho kilichobaki. Mbao zake ziliondoka wakati wa vita. Nyingine ziligeuzwa milango, nyingine majeneza, nyingine zilipika chakula. Zilibaki nguzo tatu za chuma zilizolala kutoka ukingo hadi ukingo, kila moja ikiwa na upana wa kiganja na vidole vyake. Mwenye beseni kichwani alipita kwa miguu, taratibu. Lakini gunia zima linahitaji baiskeli, na juu ya chuma hakuna nafasi ya mtu kutembea kando ya baiskeli akiisukuma. Ilibidi kupanda.

Wachukuzi wa kiume walikuwa na namna yao. Waliteremka mlima kwa kasi, wakaingia kwenye chuma wakiwa wima, wakaacha kukanyaga pedali kwa sababu pedali ingegonga vichwa vya ribiti, ile misumari minene ya kuungia chuma, vilivyojitokeza, na wakaserereka tu hadi ng'ambo, magoti yamelegea, gunia limetulia nyuma. Ukiwatazama ungedhani hakuna kazi yoyote pale. Mwanamke hakuna aliyewahi kupita hivyo.

Siku ya kumaliza matanga ya shangazi mmoja wa ukoo, watu wamekaa na pombe yao, Kasimiro alilianzisha tena lile neno la ndoa mbele ya wote, kwa Kiswahili cha askari ambacho ukoo mzima ulikizoea. Rosa alimkatiza.

"Shemeji, mimi nalima mwenyewe, mimi nakula mwenyewe. Kwa nini mimi nahamia kwako?"

"Mama Keji, gunia yako hapana miguu," Kasimiro alisema, akacheka polepole. "Miguu yake iko mimi."

"Basi mimi napeleka mwenyewe."

"Juu ya chuma?" Watu walicheka. Kasimiro alifurahia kicheko chao, na ndicho kilichomponza. "Sikia. Siku wewe napitisha gunia juu ya chuma, na sisi yote iko hapo naona, mimi nafunga mdomo. Hapana sema neno ya ndoa tena. Lakini kama mvua nakuta wewe bado, unabeba vyungu yako, unakuja kwangu."

"Umesema," alisema mama mkwe, Margarita, ambaye watu walidhani amesinzia. "Sisi nasikia." Ikawa imekwisha. Kiangazi kilikuwa ndiyo kwanza kimeanza.

Mwalimu wake wa baiskeli alikuwa Onzima, Mlugbara wa Onduparaka kule Arua, mchukuzi wa bidhaa na rafiki wa marehemu Soka tangu jeshini. Yeye alikuwa amekimbilia Zaire, na akarudi na Kiswahili cha huko. Rosa alikuwa Mkakwa, Kiswahili chake alikipata kwenye kambi ya jeshi alipokuwa mke wa askari. Hawakuwa na lugha nyingine ya kuelewana. Kila wiki Onzima alipopandisha mzigo Koboko, alipitia Lobule, akala muhogo na mboga kwa Rosa, kisha wakatoka na ubao.

"Mutu wa kupita chuma hapana angalia gurudumu," alimwambia. "Angalia kule mwisho. Pedali iko sawasawa, moja mbele, moja nyuma. Mukono hapana kaza. Baiskeli inajua njia."

"Baiskeli yangu haijui kitu," Rosa alisema.

Alipanda. Aliangalia mwisho wa ubao, akasawazisha pedali, akalegeza mikono. Onzima alikimbia kando yake akipiga kelele, "Wacha! Wacha, mama Keji, wacha!" Rosa, ambaye hakuwa mkaidi hata kidogo, alitii mara moja. Akashika breki. Akaanguka.

Wiki zikaenda hivyo. Ubao mpana ulipomshinda, Onzima aliamua kuwa labda ni mpana mno na unamlegeza, akaleta reli nyembamba ya chuma iliyong'olewa kwenye lori lililokufa vitani. Ikamshinda zaidi. Onzima alipaza sauti zaidi. Rosa alishika breki kwa nguvu zaidi. Magoti yake yalichubuka, yakapona, yakachubuka palepale. Kiwiko kikavimba. Alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyepigwa kwa wizi, na Margarita akamkanda kwa maji ya moto bila kusema neno. Kasimiro alipita uani akaona mavimbe, akatoa pole ya dhati kabisa. Pole hiyo ilimuuma Rosa kuliko kiwiko.

Kibaya zaidi ni kwamba hakuelewa kosa lake. Alifanya kila alichoambiwa. Alijua kuwa yeye si mzito wa kujifunza. Alijifunza kufuma, kusaga, kuzalisha mbuzi, hata kuomba chakula kwa Kiarabu kambini Sudan. Ila baiskeli hii na huyu mtu wa Arua. Akaanza kumshuku Onzima, labda anatumwa na Kasimiro. Kisha akamwonea haya kwa kumshuku, maana mtu anayetumwa hasaidii kufunga vidonda. Kisha akamshuku tena.

Walipojaribu Chuma chenyewe, bila mzigo, mambo yalikuwa yaleyale ila pahali pa kuangukia palikuwa chini zaidi. Rosa aliteremka mlima, akaingia kwenye nguzo akiwa wima kama wanaume, na kwa pumzi chache alisikia baiskeli ikiserereka chini yake, laini, bila mtikiso. Moyo ulimruka kwa furaha. Halafu kutoka ukingoni ikaja ile sauti, "Wacha!" Akashika breki. Baiskeli ilining'inia kwa pedali kwenye ribiti. Rosa alitumbukia kwenye maji ya kiunoni, na wanawake waliokuwa wakifua upande wa chini walilazimika kuhama kwa sababu aliwavurugia tope, wakamwambia hivyo.

Alitoka majini, akaenda kuikwamua baiskeli. Breki ya nyuma ilikuwa imekatika ufito wake wa chuma, na fundi wa kuiunga alikuwa Onduparaka, jirani yake Onzima. Basi wakaenda Arua, mmoja mbele mwingine nyuma, wamenuniana njia nzima.

Fundi aliposhika kazi ilikuwa alasiri, na Onduparaka alasiri ina mpira. Rosa hakuwa mtu wa mpira. Alikaa kwenye majani kando ya uwanja kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kukaa, goti limenyooshwa mbele, akitazama wanaume wazima wakikimbizana vumbini huku mtaa mzima ukiwapigia kelele. Mchezaji mmoja wa nyumbani alikuwa akiukimbilia mpira uliopigwa kutoka pembeni. Na watu wote, wazee, akina mama wenye vikapu, Onzima mwenyewe, wakapaza sauti kwa pamoja: "Wacha! Wacha!"

Yule mchezaji hakusimama. Alitanua miguu, mpira ukapita katikati, ukamkuta mwenzake nyuma, na huyo akaupiga golini. Uwanja ukalipuka kwa shangwe. Rosa alikaa palepale.

"Onzima," alisema, watu walipotulia. "Nyinyi namwambia wacha. Kwa nini yeye hapana simama?"

"Asimame kwa nini? Tunamwambia awache mpira iende."

"Wacha iko simama."

"Wacha iko wacha. Usishike. Iende."

"Kwa kambi," Rosa alisema polepole, "sajini akisema wacha, mutu nasimama hapo hapo. Anashika kitu, anakamata, anatulia."

Onzima alimgeukia. Uso wake ulibadilika kidogo kidogo, kama wa mtu anayekumbuka kuwa ameacha chungu motoni. "Sasa wewe, siku yote hii, mimi nasema wacha..."

"Mimi nashika breki."

Onzima alicheka. Alijaribu kujizuia, akashindwa, akalala chali kwenye majani akishika tumbo, machozi yakimtoka. Rosa hakuona cha kuchekesha. Alifikiria magoti yake, kiwiko chake, kitenge kilichochanika, watu wa misa, wanawake wa kufua, kiangazi kizima kilichokwenda bure kwa neno moja, na akatamani kumpiga mtu. Alimpiga Onzima kwa kandambili, mara kadhaa, na si kwa mzaha. Onzima aliendelea kucheka akijikinga. Jirani mmoja aliwaangalia akaamua kuwa hao ni mtu na mkewe, asiingilie.

Tangu siku hiyo Onzima alikatazwa kusema lolote. Alisimama ukingoni amefunga mdomo, na Rosa akapita. Alipita ubao, akapita reli, akapita nguzo yenyewe bila mzigo, akafika ng'ambo na kukaa juu ya jiwe akishangaa ni kitu chepesi namna gani. Haikuwa kazi ya nguvu. Ukishaingia wima, umeshaingia. Kilichobaki ni kutoharibu.

Lakini gunia ni habari nyingine. Likifungwa juu sana linamvuta mtu nyuma, likifungwa chini linagusa kisigino. Mara ya kwanza aliyojaribu nalo, mpira wa tyubu ulilegea katikati ya nguzo, gunia likaegemea upande, na unga wa mwezi mzima ukamwagika mtoni ukateremka na maji, mweupe, watu wakiutazama. Rosa alikaa ukingoni akalia kwa sauti, hakujali nani anamwona. Onzima alifungua mdomo akaufunga tena. Kisha wakajaza gunia mchanga, wakalifunga upya kwa mipira mipya, wakaanza tena. Na alasiri moja, mawingu ya kwanza yakiwa yamesimama upande wa Zaire, gunia la mchanga likavuka.

Onzima alikwenda mbio kwa Kasimiro kumwambia. Kasimiro alimsikiliza kwa upole. "Wewe iko rafiki ya Soka," alisema. "Mimi nasema sisi yote naona. Jumamosi, siku ya soko. Mwisho hapo."

Jumamosi hiyo Rosa alifika mlimani na baiskeli, gunia la unga limekaa sawa, amevaa ile suruali ya kaki. Aliona watu wengi pale chini. Alifurahi kuwaona. Kisha akaona walichokuwa wakikitazama.

Mbao. Jana yake mafundi wa barabara walikuja na lori, wakalaza mbao mpya, nyekundu, juu ya nguzo mbili, upana wa gari kupita. Mbao ziliwaishia, wakaiacha nguzo ya tatu pembeni tupu na kuondoka. Watu walikuwa wakienda na kurudi juu yake kwa kujifurahisha, akina mama wenye mabeseni, wachukuzi wakikokota baiskeli zao wanapiga soga. Onzima alimjia mbio akiwa na uso wa msiba, akafungua mikono tu.

Kasimiro alisimama mwanzo wa daraja, Margarita na wazee wa ukoo kando yake. "Mama Keji, Mungu ametusaidia," alisema, na kwa hakika alifurahi. "Tazama daraja. Sasa chuma hakuna tena. Ile maneno yetu imekwisha yenyewe. Mvua iko karibu. Tutaongea nyumbani."

Rosa alitazama mbao. Zilinukia vizuri. Ni kweli kwamba kuanzia siku hiyo angeweza kuupeleka unga wake sokoni akitembea, bila Kasimiro, bila mtu yeyote, na mtu mwenye akili tulivu angeshukuru. Yeye hakuwa na akili tulivu. Alijua maana ya "tutaongea nyumbani". Wangeongea mwaka huu, na mwaka ujao, katika kila matanga na kila harusi, kwa upole, mpaka achoke. Alihisi ghadhabu iliyomfanya aone kizunguzungu, akangoja ipite, ikapita kidogo tu.

Aligeuza baiskeli, akaipandisha mlima hadi juu.

"Mama Keji anakwenda wapi?" mtu aliuliza. Hakumjibu. Alikaza mpira wa gunia, akapanda, akaachia breki. Watu walimwona akiteremka kwa kasi, wakajitupa kando wakidhani anakuja kwenye mbao. Hakuja kwenye mbao. Dakika ya mwisho aligeuza usukani kuelekea pembeni, akaingia kwenye ile nguzo tupu, wima, pedali sawasawa.

Akaserereka. Upande wake wa kulia kulikuwa na daraja zima, pana, salama, na watu wamesimama juu yake, karibu kiasi kwamba angeweza kuwagusa. Upande wa kushoto hapakuwa na kitu. Mzee mmoja alinyoosha mkono kumdaka na Margarita akamshika mkono huo akaurudisha. Gunia halikuyumba. Rosa aliangalia kule mwisho mpaka mwisho ukafika, matairi yakagusa udongo, na ndipo aliposhika breki.

Kasimiro alivuka mbao akimfuata, nusu akitembea nusu akikimbia. Upole ulikuwa umemtoka usoni. Alikuwa na hofu, na hasira ya mtu aliyetishwa.

"Mbao iko hapa!" alisema. "Kwa nini unapita huko? Unataka kufa? Mto sasa hata mtoto navuka."

"Mto mimi nitavuka hata kesho, shemeji," Rosa alisema akihema. "Leo mimi nataka kuvuka wewe."

Kasimiro aliwageukia wazee wake. Wazee walitazama maji. Margarita ndiye aliyekuja, akajifuta uso kwa ncha ya kitenge, akaligusa gunia kuona kama limefungwa vizuri. "Umesema sisi yote naona," alimwambia mwanawe. "Sisi naona." Kasimiro alifunga mdomo, kama alivyoahidi, akarudi upande wa Lobule, na watu wakampisha njia.

Rosa aliuza unga wake Koboko kabla jua halijawa kali. Kurudi alipita kwenye mbao, akiikokota baiskeli kwa mikono miwili, na alipofika katikati alisimama akatapika mtoni, akapangusa mdomo, akaendelea na safari yake kwenda nyumbani kwake.